Pimbi Walioacha Kukimbia

Harufu ndiyo iliyonimaliza. Mwende, binti yangu, aliingia uani amembeba sungura kifuani kama mtu aliyepakata mtoto mchanga, na kabla macho yangu hayajaona vizuri pua ilikuwa imekwisha kujua. Kiberiti kilichowashwa kikazimwa, na chini yake chuma chenye kutu kilicholowa maji. Harufu hiyo niliijua kabla sijajua kusoma.

"Mama, ona, nimekashika na mkono," akasema. "Hakakukimbia. Kalikuwa kamekaa tu."

Sungura wa porini, mzima, anapumua, macho wazi, ametulia mikononi mwa mtoto wa miaka sita. Manyoya ya tumboni yalikuwa yametoka mabaka mabaka. Nikamwambia amweke chini polepole. Nilikuwa bado nimejikaza, maana mtoto hana kosa. Lakini alipoinua uso niliona unga mweupe pembeni mwa midomo.

"Umekula nini?"

"Chumvi ya kule chini kwa bomba. Sote tunalamba. Inauma kidogo lakini ni tamu."

Sasa mnisikilize, ninyi mnaosoma. Mimi si mtu wa kelele. Nilikuwa nimekwisha kwenda kwa nyapara wa mgodi nikaongea kwa adabu juu ya maji wanayotumwagia, nimevaa viatu vya kanisani. Nilikuwa nimesimama kwenye baraza la chifu nikasema yangu nikakaa. Nilingoja. Siku hiyo nilimsugua Mwende midomo na ulimi kwa leso iliyolowa mpaka akalia, nikamnywesha maji, nikamnywesha maziwa, nikambeba mgongoni mpaka zahanati ingawa ni mkubwa wa kutembea mwenyewe. Nesi alimpima, akasema ameletwa mapema, asirudie tena, niendelee na maziwa. Njiani kurudi, na mtoto amelala mgongoni, nilihisi kitu kimekatika ndani yangu, kama kamba ya mkonge iliyochakaa. Sikuwa na adabu tena ya kumpa mtu.

Lakini mkiniuliza kwa nini sungura mmoja anitoe akili namna hiyo, lazima niwarudishe nyuma, ng'ambo ya mto huuhuu, upande wa juu, nilikozaliwa.

Miaka ya sabini, nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, walikuja watu na malori wakaanza kupasua kilima kilicho juu ya kwetu. Walitafuta jiwe la kijani. Tuliambiwa lina shaba ndani. Walilisaga, wakaliosha, na maji ya kuoshea yakawa yanateremka kwenye bonde dogo chini ya shamba la Susu, mama yake baba. Yalikuwa maji ya rangi ya uji wa mtama. Jua la kwetu mnalijua. Maji yakikaa siku chache yanakauka, na hayo yalipokauka yaliacha ardhi imefunikwa na kitu cheupe, chepesi, kinachovunjika chini ya mguu kama ukoko wa sufuria, chenye harufu ya kiberiti na chuma cha kutu.

Mtu asiye wa kwetu angeuliza hicho ni nini. Susu hakuuliza. Alikijua, au alidhani anakijua. Ukambani mtu mwenye mbuzi huwa anatafuta munyu, ule udongo mweupe wenye chumvi ambao mbuzi wanaulamba wakanenepa, na ukiwa nao karibu na boma wewe ni mtu mwenye bahati. Watu hutembeza mifugo mbali kuufuata. Susu alipiga goti pale bondeni, akachukua kipande, akakilamba, akakizungusha mdomoni huku anaangalia juu, akatema.

"Ni mkali kidogo," akasema. "Lakini ni munyu."

Wiki hiyo mlango wetu haukufungwa kwa wageni. Wanawake walikuja na vikapu kuomba, na Susu alikuwa anawagawia kama mtu anayegawa sukari, akiwaeleza kwa sauti ya juu kwamba malaika wa mbuzi amemkumbuka katika uzee wake. Mimi nilifurahi kuliko wote. Kazi yangu ilikuwa imepungua. Badala ya kutembea na mbuzi mpaka miguu ikauke, nilikuwa nawapeleka bondeni, wanalamba, na mimi nakaa kivulini nikitazama mwamba wa pimbi.

Huo mwamba ulikuwa upande wa pili wa bonde, mkubwa, umepasukapasuka, na ndani ya nyufa kulikuwa na ukoo mzima wa pimbi. Kama hujawahi kumwona pimbi, fikiria panya mnene asiye na mkia, mwenye uso wa mtu aliyeudhiwa. Asubuhi walitoka kuota jua, wamelaliana, wadogo juu ya migongo ya wakubwa, na mmoja alikaa juu kabisa kama askari. Mtu akitokea, yule askari anapiga kelele kali, na mwamba wote unabaki mtupu kabla hujafumba jicho.

Susu na hao pimbi walikuwa maadui. Walikuwa wanashuka kula kunde zake, majani yote, wanaacha vijiti. Alikuwa anawarushia mawe, anawatukana kwa majina, na yule askari alikuwa anamjibu kutoka juu. Nilipokuwa mdogo kabisa nilidhani wanaelewana. Susu alisema askari yule alianza kumpigia kelele siku alipoletwa pale akiwa bibi arusi, na hajakoma. Sisi tulijua pimbi haishi miaka mingi hivyo, lakini nani angemwambia.

Kisha ukaja msimu ambao kila mtu alikuwa mwindaji.

Mvua ilikuwa imekosa, chakula kilikuwa kidogo, na ghafla nyama ya porini ikawa inajileta. Kaka yangu Mutua, ambaye kwa miaka yote ya kutega mitego alikuwa amepata kwale mmoja na kidonda cha kidole, alianza kuja nyumbani na sungura. Hakutumia mtego. Alikuwa anawashika kwa mikono. Wavulana wenzake pia. Kila jioni walikaa kwenye ukuta wa zizi wakijisifu, na sungura katika hadithi zao walikuwa wanakimbia kama upepo, na wao wanakimbia zaidi.

"Wewe Nduku huwezi kushika hata kuku anayetaga," Mutua aliniambia.

Siku ya pili, nikiwa na mbuzi, nilimkuta sungura chini ya kichaka karibu na munyu. Nilinyoosha mkono, nikamchukua. Basi. Nilimpelekea Mutua ukutani mbele ya wenzake, na mimi wakati huo nilikuwa nakimbia kama gunia lililoota miguu. Kila mtu alijua hivyo. Mmoja akacheka. Mutua akasema huyo wangu lazima alikuwa mzee.

Niliona mambo mengine pia, lakini mtoto anaona bila kuuliza. Niliona sange, kale kapanya kenye pua ndefu kama mrija ambako kwa kawaida huoni zaidi ya kivuli kinachopita, kamekaa katikati ya njia mchana kweupe kanatetemeka. Niliona digidigi akilamba ukoko mweupe pamoja na mbuzi wangu, bega kwa bega, kama ndugu. Nikaona ni jambo zuri. Nikasema munyu wa Susu umefanya wanyama wote wawe marafiki.

Jioni moja Mutua alileta sungura wawili. Mwaitu, mama yangu, alimchuna wa kwanza upesi, akamweka jikoni na kitunguu, na harufu ikajaa nyumba hata tukaanza kuongea vizuri na kuombana msamaha. Alianza kumpasua wa pili. Alichukua ini kwa ncha ya kisu akasimama nalo mlangoni, kwenye mwanga wa mwisho wa jua, akaligeuza upande huu na upande huu. Alirudi, akaipua sufuria yote, akatoka nayo nyuma ya nyumba, akachimba shimo, akamwaga. Nyama, mchuzi, kitunguu. Akatupa na yule wa pili. Juu akamwaga majivu, juu ya majivu akapanga mawe ili mbwa asifikie.

Tulikula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, makavu bila mchuzi. Mutua, mwindaji mkuu, alilia mpaka akapata kwikwi. Mimi sikulia. Mimi nilimchukia mama yangu kwa moyo wangu wote, kimya kimya, jinsi mtoto mwenye njaa anavyoweza. Nilidhani ametunyima kwa ubaya. Nilidhani labda amekasirika na baba, aliyekuwa kazini Sultan Hamud na hakuwa ametuma neno.

"Kwa nini?" Mutua alimuuliza.

"Mnyama ambaye Nduku anaweza kumshika," mwaitu akajibu, "ana shida."

Kesho yake alimwendea Susu. Nilikuwa nyuma ya ghala nikipepeta mbaazi, nikasikia yote. Mwaitu aliongea kama mke wa mwana anavyotakiwa kuongea na mama mkwe, akiangalia chini, lakini maneno hayakuwa laini. Alisema mbuzi waache kulamba kule bondeni. Alisema wanyama wadogo wanaugua, na kwamba mbuzi wawili wametupa mimba. Alisema anataka kuita mwethya wauzibe ule munyu.

Mwethya ni kundi letu la kazi. Wanawake wa kijiji wanakusanyika, kila mmoja na jembe lake, wanalima matuta ya huyu leo na ya yule kesho, na ukiitwa huendi kuuliza utapata nini. Mwethya ukiamua kitu, kitu hicho kinafanyika. Lakini bonde lilikuwa chini ya shamba la Susu, na Susu alikuwa mkubwa katika kundi. Hakuna mwanamke ambaye angepiga jembe pale yeye akikataa.

Na alikataa. "Ulikuja hapa hujui hata mbuzi anataka munyu lini," alimwambia mama. "Leo unanifundisha?"

"Sikufundishi, mama. Naomba tu twende tuangalie."

"Sina haja ya kuangalia. Hata wale wezi wa kunde zangu wanalamba kila siku. Umewasikia wakilalamika?"

"Sijawasikia kabisa," mama akasema. "Hilo ndilo linanisumbua."

Susu akaniita, Nduku, toka huko nyuma ya ghala, najua uko hapo. Akasema tunakwenda mimi na yeye kwenye mwamba, ili niwe shahidi, nirudi nimwambie mama yangu jinsi pimbi walivyonenepa. Alichukua fimbo yake na mawe mawili kwenye mfuko wa nguo, kwa mazoea.

Tulipanda. Alikuwa anaongea njia nzima, jinsi wasichana wa siku hizi wanavyosoma vitabu viwili wakajiona madaktari. Tulipokaribia alipunguza sauti, maana ndivyo alivyokuwa akiwawinda, kisha akaruka mbele kutoka nyuma ya kichaka, fimbo juu.

Hakuna aliyepiga kelele. Juu ya mwamba walikuwepo wachache tu, mahali ambapo nilizoea kuona wasiohesabika. Wamekaa mbalimbali, kila mmoja peke yake. Ngozi ilionekana migongoni. Hakukuwa na wadogo, hata mmoja. Yule wa juu kabisa, askari, alitugeuzia uso, akatuangalia, akageuka tena kuangalia jua.

Susu alisogea. Hawakukimbia. Alisogea mpaka angeweza kumgusa wa karibu kwa fimbo, na yule pimbi alifungua mdomo kidogo kama anayetaka kusema kitu, akaufunga. Susu akashusha fimbo. Akatoa yale mawe mfukoni, akayaweka chini taratibu, moja, kisha la pili, kama mtu anayeweka mayai. Kisha akakaa kwenye mwamba palepale, kati yao, miguu imenyooka mbele.

"Niliwaambia waondoke shambani kwangu," akasema baadaye, na hakuwa akiongea na mimi. "Sikuwaambia wafe."

Nilitaka kumwambia twende. Nikaogopa. Alikaa pale mpaka jua likaanza kuchoma, akigusa mdomo wake mara kwa mara, ulimi, fizi, na mimi wakati huo sikuelewa anatafuta nini. Halafu aliinuka, akateremka bila kuniongoja, akapita nyumba yetu bila kusalimia, akaingia kwake, akatoka na jembe begani.

"Mama Mutua," akaita kutoka uani. "Umesema mwethya ni lini?"

Siku ya kazi walikuja wengi kuliko siku ya matuta, na kila mmoja na jembe, sururu, karai, na kibuyu chake cha uji. Walichimba mtaro juu ya bonde kuyageuza maji ya mgodi yaingie kwenye shimo la zamani la kuchimbia udongo wa matofali. Waliparua ukoko mweupe wote, wakaukokota kwa makarai mpaka shimoni, wakaufukia kwa udongo mwekundu, wakaukanyaga wakiimba. Walizungushia miiba pande zote, na nyuma ya miiba wakapanda mkonge. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufukuza mbuzi, ambao walikuwa hawajashawishika bado.

Nyapara wa mgodi alishuka kutazama. Alikuwa na kofia ngumu na alisimama kwa mbali kidogo, maana wanawake wengi wenye majembe si kitu cha kukikaribia.

"Nani amewapa ruhusa kuchimba hapa?" akauliza.

Susu alijinyoosha, mkono kiunoni. "Na wewe, mwanangu, nani alikupa ruhusa ya kuniletea chumvi?"

Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nyapara naye, kusema ukweli, alitabasamu, akapanda kilima akarudi kwao. Mgodi wenyewe ulifungwa baadaye. Jiwe liliisha, au bei ilianguka, sisi hatukuambiwa. Malori yaliondoka na kimya kikarudi.

Msidhani kila kitu kilipona kesho yake. Mbuzi walichukua muda. Sungura walipotea kabisa kwa muda, na Mutua akarudi kwenye kwale wake mmoja. Mwamba ulikaa mtupu hata nikaacha kuutazama. Mvua ikaja, ikaenda, ikaja nyingine iliyo nzuri, mkonge ukasimama, nyasi zikafunika bonde. Nilikuwa nimeanza kuvaa sare ya darasa la tano siku nilipopita na mbuzi chini ya mwamba, nikasikia kelele kali juu ya kichwa changu, kali kabisa, ya matusi.

Niliwaacha mbuzi, nikakimbia hadi nyumbani. "Susu, wamenifukuza," nikasema. "Pimbi wamenipigia kelele."

Asubuhi nilimwona amesimama ukingoni mwa shamba na fimbo yake. Kunde za mstari wa mwisho zilikuwa zimebaki vijiti. Juu ya mwamba wadogo walikuwa wamerundikana juu ya migongo ya wakubwa, wanaota jua. Aliwatukana mmoja mmoja, wezi, wana wa wezi, walafi wasio na mkia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepokea wageni. Jiwe hakurusha.

Mwaka uliofuata alipanda mstari mmoja wa kunde zaidi, upande ule wa mwamba, na ukimuuliza kwa nini anasema alikosea kupima.

Sasa nikiwa mama ndipo ninaelewa niliyoyaona. Nilikuwa kidato cha pili, likizo, tunapura mbaazi, nilipomuuliza mwaitu aliona nini kwenye lile ini. Aliniambia lilikuwa na madoa na limevimba, na rangi yake haikuwa rangi ya kitu kilicho hai. Akasema alijua tutamchukia. "Mlikuwa na njaa," alisema. "Mtu mwenye njaa akimwagiwa mchuzi atakuchukia hata kama wewe ni mama yake. Nikaona afadhali mnichukie mkiwa wazima." Na akaendelea kupura, kama aliyesema habari za hali ya hewa.

Ninaelewa pia kwamba Susu hakuwa mjinga, na mtu asije akaniambia hivyo. Alichokijua juu ya munyu kilikuwa kweli tupu, kimelisha mbuzi wa watu wetu tangu zamani. Kilichoteremka kutoka kilimani ndicho kilichokuwa kinadanganya. Kilivaa sura ya kitu tunachokiamini. Na waliokigundua kwanza ni wale wanaoishi karibu na ardhi, wenye matumbo yanayogusa vumbi, wanaolamba kile ambacho sisi tunakikanyaga kwa viatu. Walituambia kwa njia yao, kwa kuacha kukimbia. Sisi tukadhani ni sisi tumekuwa na mbio.

Lakini nimeona pia ardhi ikipona. Hilo ndilo linalonipa hasira yenye nguvu ya kutembea. Kama singewahi kuona mwamba ule ukijaa tena, ningekaa nyumbani nikalia. Najua kazi yake ilivyo. Najua ni mtaro, na karai, na kufunga bomba.

Niliolewa huku chini, mto huohuo. Juzijuzi wamekuja watu wengine kwenye kilima kilekile, wakaweka lango jipya na mashine kubwa zaidi, wakaanza kusaga mawe yaleyale yaliyoachwa. Mtaro wa kina mama ulikuwa umejaa mchanga. Bomba lao linapita juu yake na kumwaga huku kwetu. Nyapara wao, nilipomwendea na viatu vyangu vya kanisani, nikamwambia juu ya panya wanaotetemeka njiani, alinisikiliza akiwa anakula embe. "Mama Mwende," akasema, "umetoka nyumbani kwako kuniletea habari ya panya?" Kwenye baraza niliambiwa jambo langu litaangaliwa. Labda linaangaliwa mpaka leo.

Baada ya zahanati nilikwenda kwanza kwa mwaitu. Nilimweleza. Alichukua jembe mlangoni, akalijaribu makali kwa kidole gumba. Kabla ya wiki kwisha mwethya ulikuwa bondeni, mabinti na wake wa wana wa wale wa zamani, tukafukua mtaro uleule tukauongeza upana. Mwende na wenzake tuliwapa kazi ya kufukuza mbuzi, na onyo la kutolamba kitu chochote kisichotoka jikoni.

Halafu nikaenda ofisi ya mkuu wa tarafa, D.O. Niliwachukua wanawake wote walioweza kuacha nyumba. Karani alikuwa kijana mwenye heshima, akatupa benchi, akafungua daftari lake.

"Mnyama gani?" akauliza.

"Sange, pimbi, sungura, digidigi."

"Na wamekula nini? Mahindi ama kunde?"

"Hawajakula," nikasema. "Wamelishwa."

Aliniangalia. Akaeleza, kwa upole, kwamba malalamiko ya wanyama wanayoyapokea pale ni ya watu walioharibiwa mali na wanyama. Fomu imepangwa hivyo. Huku jina la mtu aliyepata hasara, huku jina la mnyama aliyeifanya.

"Basi igeuze," mwaitu akasema kutoka kwenye benchi.

Kijana akacheka, akaifunga fomu yake, akanipa karatasi safi na kalamu. "Andika mwenyewe, mama," akasema. "Ukimaliza nitapiga muhuri, na nitakupa nakala." Alinipisha hata meza. Niliandika nikiwa nimesimama, na hivi ndivyo nilivyoandika.

*Kwa Mkuu wa Tarafa.*

*Mimi ni mkulima na mama wa watoto wawili, na ninalalamika rasmi juu ya maji machafu yanayomwagwa bondeni kwetu na mgodi wa kilimani. Yanapokauka yanaacha kitu cheupe kinachofanana na munyu. Si munyu. Ni sumu.*

*Walioumia ninawaandika kwa utaratibu walioumia. Kwanza sange na panya wa porini, ambao wanatetemeka mchana. Pili pimbi, ambao hawana wadogo mwaka huu. Tatu sungura, ambao mtoto anawashika kwa mkono. Nne digidigi. Tano mbuzi, wametupa mimba. Sita binti yangu Mwende, ambaye amepona kwa kuwahiwa. Nimeanza na wadogo kwa sababu ndipo ilipoanza, na nyapara wa mgodi aliposema ni habari ya panya tu alikuwa anasoma mstari wa kwanza peke yake.*

*Sisi hatuombi mgodi ufungwe wala hatuombi kulipwa. Tunaomba bomba ligeuzwe na maji yazuiwe kwao kabla ya mvua. Mtaro wa upande wetu tumekwisha kuuchimba, uko tayari kukaguliwa. Mahali hapa pamewahi kuugua na pakapona, na wanawake waliopaponya, baadhi yao wako hapa ofisini kwako leo, unaweza kuwauliza.*

*Jibu tutalifuata wenyewe kila siku ya soko, kwa kuwa siku hiyo tuko njiani tayari, na benchi lako tumeona linatutosha.*